Mzee wa Taa Katika Koti la Posa

Ukoo wetu hauendi kuposa kwa shati tupu. Mshenga huvaa koti. La babu lilikuwa limeliwa na mchwa, kwa hiyo ndugu yangu Issa, muuza kahawa wa kijiwe chetu pale Lindi, alinunua jingine mnadani, miaka ile mitumba ilipoanza kumwagika. Asubuhi ya posa alimvika Baba Mkubwa Bakary, mshenga wetu, aende Mchinga kwa kina Mwanaidi, akamposee binti huyo. Baba Mkubwa akatia mkono mfukoni, akatoa karata ya kupigia ramli, iliyokuja na koti: mzee wa ndevu nyeupe, fimbo mkono mmoja, taa mkono wa pili, amesimama peke yake mlimani. Akaketi tena.

— Peke yake, alisema. Issa, hii si dalili njema. Nimiminie kahawa nifikiri.

— Baba Mkubwa, gari la Mchinga linakaribia kujaa.

— Mwenda pole hajikwai.

— Na aliyekaa je? Issa aliuliza, huku akimimina.

Karata ikafika kwa Nikodemu, tuliyemwita Frateri kwa sababu aliacha seminari kabla seminari haijamwacha.

— Huyu ni Myunani wa kale, alisema. Diogenesi. Alizunguka sokoni mchana kweupe, taa inawaka. Akiulizwa, anajibu: natafuta mtu.

— Mchana? Hasani Redio aliruka. Huyo anatafuta foleni ya sukari ya duka la ushirika. Hajaambiwa biashara imeachiwa huru!

— Alitafuta mtu wa kweli, Redio. Soko limejaa, yeye hamwoni hata mmoja.

— Ndiyo hayo! Baba Mkubwa alidakia. Karata inaniuliza: Issa ni mtu? Nikamposee nisiyemjua?

— Si umenilea wewe!

— Kulea si kujua. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Hakuna aliyeona methali hiyo imeingiaje. Frateri akaendelea:

— Diogenesi mwenyewe alilala ndani ya mtungi.

— Basi alifukuzwa na wakwe, Redio alisema. Alikwenda kuposa bila koti.

Baba Mkubwa akajipapasa kifuani.

— Kumbe koti lenyewe ndilo hili! Limetoka Uyunani kunitafuta mimi.

— Ndevu zenu kweli zinafanana, Frateri alikubali.

Gari la Mchinga likapiga honi, likaondoka. Issa akabaki kutazama vumbi lake.

— Usihuzunike, kijana, Frateri alimwambia. Wayunani waligawa mambo mafungu mawili: yaliyo mkononi mwako na yasiyokuwemo.

— Mkononi mwangu mna kikombe kitupu, alisema Baba Mkubwa. Ongeza.

Tulikuwa bado kwenye habari za mtungi wakati gari jingine, lililotoka Mchinga, lilipomteremsha mama mmoja wa makamo. Issa alishtuka: shangazi yake Mwanaidi.

— Shikamoo, shangazi Mwanaheri.

— Marahaba. Hamjambo nyote? Wazee wa kina Mwanaidi wamekaa jamvini tangu asubuhi, wali umepoa. Nimetumwa kuuliza tu: mshenga wenu ni nani?

Frateri akatazama viatu vyake. Redio, asiyekosa neno, akanywa kikombe kisicho na kitu. Baba Mkubwa akaanza kulivua koti polepole, kama mtu aliyelikuta begani kwa bahati mbaya.

Issa akampa shangazi ile karata. Mama akaitazama, akalitazama koti, akatutazama pale tulipokaa.

— Hata huyu wa kwenye picha, alisema, amesimama.

Issa akapindua vikombe vyote. Baba Mkubwa akainuka, mkono mmoja bado nje ya koti.