Leopoldina, Aliyesuka kwa Viganja Chini

Ndugu wafiwa, majirani na nyote mliofika, mimi ni Zofka, mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea haya.

Marehemu Leopoldina Lapajne, tuliyemwita Poldka, alizaliwa hapa Idrija, mji wetu wa migodi na lesi, tarehe 3 Machi 1941, mtoto wa kwanza wa Rudolf Kogej, mchimba zebaki, na mama yetu Frančiška, akaanza shule ya lesi, ile nakshi ya nyuzi zinazosukwa kwa vijiti, mwaka 1947, akajifunza kama sisi sote, mto wa kusukia wa mviringo mbele yake, vijiti vikining'inia, viganja juu, na alifaulu vizuri, ingawa namna hiyo hakuipenda hata siku moja.

Mwaka 1963 alikwenda Bruges, Ubelgiji, akafanya kazi ya kufua hotelini, na huko, bila kulazimishwa na mtu, akajifunza lesi ya wenyeji, ambayo vijiti vyake hulala juu ya mto bapa na viganja hutazama chini. Tarehe 10 Mei 1969 alifunga ndoa na Ciril Lapajne, dereva wa lori, wakarudi Idrija, wakajaliwa watoto wawili, Breda na Jernej.

Mama alipomwona akisuka alishtuka, "Wee Poldka, mikono hiyo umeiazima wapi?" naye akajibu, "Mama, ile ulinipa wewe, hii nimeipenda mwenyewe." Mwaka 1988, nikiwa mwalimu wa lesi, aliniomba nimruhusu afundishe wasichana wawili watatu, nami nikamkatalia mbele ya watu, nikasema, "Hapa nani ana shida na lesi ya ugenini?" Hakuomba tena, na leo nasema wazi kwamba najuta.

Saratani ya ini ilimwanza Novemba 2018. Siku moja akiwa kitandani alinitania, "Zofka, nikifa vijiti vyangu utawashia jiko, eti?" nikaona aibu, nikavuta mto wake bapa, nikageuza viganja. Alinifundisha siku kumi na moja, akivicheka vidole vyangu vikaidi, hadi alipofariki tarehe 2 Februari 2019, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani walioleta supu kila siku, na wenzake Ciril wa kazini waliochimba kaburi kwenye ardhi iliyoganda kwa barafu. Kipande cha lesi nilichoanza kwake kina urefu wa kidole, kimekosewa mahali fulani, wapi sijui, na aliyejua ndiye huyu tunayemzika.

Lala kwa amani, dada.