Lutgart na Chumba cha Tisa Kilichonukia Zaatari

Mimi Fons Geybels nina miaka themanini na moja. Nimewazika wenyeviti wanne wa ushirika huu wa wakulima wa mapeasi, mapadri wawili, na kila daktari aliyenikataza tumbaku. Kalamu na mimi hatujazoeana, lakini Lutgart Schoofs anastaafu tarehe 30 Aprili, baada ya miaka thelathini na nane katika vyumba vyetu vya baridi hapa Haspengouw, nchi ya mashamba ya matunda. Mwingine akiandika atapunja.

Alianza kwenye mkanda wa kuchambua mapeasi. Mkuu wa ghala nilikuwa mimi, na ghala lililotunzwa kuliko langu halijaonekana. Mapeasi hufungiwa humo Septemba, hewa hupunguzwa, nayo hulala usingizi mrefu. Ukiweka sikio mlangoni unasikia feni tu, kama mtu anayepumua kwa mbali. Adui ni ukungu wa kijivu. Peasi moja likioza linaambukiza majirani, hadi kreti zima linaota manyoya.

Wanunuzi walipoanza kukataa dawa za viwandani, Lutgart aliomba kujaribu mafuta ya zaatari. Remi, mwenyekiti wakati ule, alimpa chumba cha tisa kwa sharti: mapeasi yakioza, au yasipolika, majaribio yamekwisha na yeye anarudi mkandani.

Mwaka ule alinyunyiza kwa mkono wa mpishi asiyepima. Tulipofungua, hakuna lililooza. Nje theluji, ndani harufu ya kilima cha kiangazi. Nilisimama pale nikasahau nilichofuata. Kasoro ilijulikana kwenye sikukuu ya parokia, kila nyumba ilipooka keki za mapeasi yale. Kwetu zaatari ni kiungo cha mchuzi wa sungura wa Jumapili. Watu wakaonja, halafu Remi akaweka uma chini.

“Lutgart, mama, keki tumeiona. Sungura yuko wapi?”

“Amekimbia ukungu, mwenyekiti. Nipe msimu mmoja, nimfukuze na harufu yake.”

Kila mtu alicheka isipokuwa Lutgart. Msimu akapewa, tena wa mwisho.

Safari hii alidondoshea mafuta kwenye vitambaa, akavitundika mbele ya feni, mvuke ukatembea wenyewe kati ya makreti, mwembamba kama ndoto. Siku za kufungua zilipokaribia aliviondoa, akaingiza hewa safi. Nilionja wa kwanza, maana ulimi wangu unajulikana hadi mjini Tongeren. Maji yake yalinitiririka hadi kiwikoni, na zaatari hakuna. Lakini Remi hakuniamini. Alimpelekea mama yake peasi moja bila kumwambia lilikotoka. Bi Paulina, ambaye sungura wake wa zaatari hana mpinzani, alilila hadi kikonyo, akauliza kama liko jingine.

Lutgart hakurudi mkandani. Leo vyumba vyetu vyote vina vitambaa vyake.

Asante, Lutgart. Sasa ulale wewe, uamke jua likiwa juu, na kila asubuhi ikukute na afya.

Anayebisha amuulize Jef wa forklifti, anayetubebea makreti, au Remi mwenyewe, ingawa atadai vitambaa vilikuwa wazo lake. Vilikuwa vya Lutgart. Wazo la feni tu ndilo langu.