Nyuzi za Buluu Kwenye Darubini ya Mke Wangu

Leo, Alhamisi, tarehe kumi na tisa Machi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Ndugu Mkuu wa Maabara ya Maji, Ndugu Mwenyekiti wa wauza samaki wa soko la ziwani, ambaye nikimwita mwenyekiti hatageuka, kwa hiyo nitamwita Mama Barafu kama sisi sote tunavyomwita, ndugu wataalamu, ndugu wageni waalikwa, na wewe binti yangu uliyekaa karibu na mlango ili unikonyeze nikizidisha maneno: nawasalimu nyote kwa heshima.

Mimi ni fundi cherehani. Shule sikwenda mbali, na hotuba sijawahi kutoa, isipokuwa mara moja kwenye harusi ya shemeji yangu, na siku ile niliombwa nikae kabla sijamaliza. Nimeitwa hapa kwenye ufunguzi wa chumba hiki kwa sababu mke wangu alifanya kazi katika maabara hii, na kwa sababu yale makoti ya pamba mnayoyaona yametundikwa nje ya mlango niliyashona mimi.

Mke wangu alifariki mwaka juzi. Wako waliokuja msibani wakaninong'oneza, "Fundi, si ndiyo hizo plastiki alizokuwa akizichunguza zimemuua?" Niliwajibu, na leo nawajibu tena mbele ya watu: hapana, ulikuwa moyo, maradhi yaliyomchukua na mama yake. Yeye mwenyewe asingependa kifo chake kitumike kusema jambo ambalo hakuna aliyelipima. Mkilielewa hilo, mmeshamjua nusu.

Kwa miaka mingi kazi ya maabara hii ilikuwa kupima maji ya bomba, kuangalia chumvi na vijidudu. Kisha ikaja kazi mpya: kutafuta chembechembe za plastiki katika ziwa letu na katika viumbe wanaoishi humo. Mfuko ukikaa juani hauozi, unavunjikavunjika mpaka vipande vyake havionekani kwa macho. Tairi linaloisha barabarani haliendi mbinguni, mvua inalisukuma mtaroni likiwa vumbi jeusi. Nguo ya kiwandani isiyo ya pamba imefumwa kwa nyuzi za plastiki, na ikifuliwa inaziacha kwenye povu. Vyote hivyo vinatafuta njia ya kwenda kwenye maji, na ziwa ndilo bakuli letu la mwisho.

Nilimuuliza, mtu anakionaje kitu kidogo namna hiyo? Akanivuta mkono mpaka chumba changu cha kushonea. Ilikuwa mchana, jua limepiga dirishani.

"Hebu lipige kofi hilo blanketi," akaniambia.

Nikalipiga. Vumbi likapanda kwenye mwanga.

"Vumbi tu hilo," nikasema.

"Blanketi la nini hilo, mume wangu? Pamba?"

"Pamba wapi, la kiwandani hili."

"Basi umeipiga plastiki kofi, na sasa unaivuta."

Tangu siku hiyo sikukata tena blanketi bila kufunga kitambaa puani, na kila aliponikuta nimekifunga alinipigia saluti.

Akanieleza na habari za viumbe. Konokono analamba jiwe, analamba na plastiki iliyolalia jiwe. Mdudu anayechuja maji ili apate riziki anachuja na nyuzi. Tumbo linajaa, lakini njaa iko palepale, na kiumbe anadhoofika huku ameshiba kitu kisicho chakula. Samaki mdogo anamla mdudu, mkubwa anamla mdogo. Na sisi je, ndugu wageni waalikwa, tumesimama wapi kwenye foleni hiyo? Hapo alikuwa mwangalifu sana. Alisema chembechembe hizo zimeonekana hata katika damu ya watu, lakini zinatufanya nini humo ndani wataalamu bado wanachunguza, na asiyejua aseme hajui.

Sasa nifike mahali ambapo Mkuu wa Maabara ameniruhusu kufika. Nilimwomba ruhusa jana, akasema, "Fundi, sema yote, usishone vizuri kupita ilivyokuwa."

Chumba cha zamani kilikuwa na baridi kali. Mashine za kupimia maji zinataka kiyoyozi, na watu wanataka kuishi, kwa hiyo kila mfanyakazi alivaa sweta. Mke wangu alikuwa na sweta la buluu nililomnunulia mwenyewe, laini, la kiwandani, akilipenda mpaka viwiko vikatoboka. Juu yake hakuvaa koti, maana makoti ya wakati ule yalikuwa na mikono mifupi na yalikuwa yanabana. Alipasua samaki, akalowesha utumbo katika dawa inayoyeyusha nyama, akachuja kilichobaki kwenye karatasi nyeupe, akaweka karatasi chini ya darubini. Humo akaona nyuzi, nyuzi za buluu, karibu katika kila samaki.

Mtu aliyelijua blanketi langu akasahau sweta lake. Mnacheka, na yeye alikuja kucheka, ila si siku ile. Wangapi kati yetu tumetafuta miwani nyumba nzima huku tumeivaa?

Maabara ikatangaza. Redio ikatangaza zaidi ya maabara. Wiki ile ile soko la ziwani likafa. Nilipita pale kupeleka aproni za oda, nikawaona akina mama wamekaa nyuma ya meza zilizojaa, wanapunga nzi, na anayepita anapita akitazama upande wa pili. Barafu ikayeyuka, samaki wakalainika, wakazikwa nyuma ya soko kwa koleo. Mama Barafu, nakuona unatikisa kichwa. Kama nimepunguza, utaniongezea baadaye.

Kisha ikaja mvua ya asubuhi moja. Sweta la buluu lilikuwa kambani limelowa, mke wangu akachukua langu la rangi ya chungwa, lile ambalo binti yetu anasema linaonekana kutoka ng'ambo. Jioni alirudi mapema. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akasema, "Leo samaki wamevaa sweta lako."

Nikadhani ni utani. Nikamwambia, "Limewakaa?"

Akacheka kicheko kirefu, na katikati ya kicheko akaanza kulia. "Buluu hakuna," akasema. "Leo zote ni za rangi ya chungwa. Nimewaua wale akina mama kwa sweta."

Ndugu zangu, hebu fikirini alipokuwa amesimama. Akisema, maabara itachekwa, ile kazi mpya huenda ikafungwa, na plastiki ambayo kweli imo ziwani haitatafutwa tena na mtu. Tena atakayeonyeshwa kidole mtaani ni yeye. Akinyamaza, atabaki na heshima yake, na wauza samaki watabaki na meza zao zilizojaa. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa amegundua. Angeweza kulitundika sweta, akaanza upya kimyakimya, na sisi tungekula chakula cha jioni.

Hakula. Asubuhi yake alikwenda kwa Mkuu wa Maabara. Nataka kumshukuru mzee huyu hadharani, kwa sababu mke wangu alinisimulia alivyofanya. Kwanza alivua miwani akaifuta muda mrefu. Akasema, "Nipe siku mbili niongee na wakubwa." Mke wangu akasema, "Samaki hawana siku mbili." Mzee akavaa miwani, akachukua kofia yake, akasema, "Haya, twende wote." Angeweza kumtuma peke yake. Hakumtuma peke yake. Kwa hilo, Mkuu, nyumba yangu inakushukuru mpaka leo.

Walisimama katikati ya soko, na mimi nilikuwepo nyuma, maana sikuweza kukaa nyumbani. Mke wangu alieleza bila kuzungukazunguka. Alipomaliza, Mama Barafu akainuka.

"Yaani samaki wangu wamezikwa kwa ajili ya sweta lako?"

"Ndiyo, dada. Ziwani plastiki ninaamini ipo, ila ya sweta ni kiasi gani na ya ziwa ni kiasi gani, sijui."

"Hujui."

"Sijui."

"Na siku ile redioni mlijua."

"Siku ile nilidhani najua."

Mpaa samaki mmoja, kisu cha magamba mkononi, akasema kutoka pembeni, "Tungemchuja yeye kwanza." Watu wakacheka, na kicheko chenyewe hakikuwa kizuri.

Mama Barafu akamtazama mke wangu juu hadi chini. "Haya. Kesho ukija na majibu mengine, nikuamini kwa lipi?"

"Usiniamini," mke wangu akasema. "Njoo ukae, uangalie."

Na akaja. Hapo ndipo ilipoanza ile desturi ya maabara hii ambayo wageni wengi mmeiulizia leo mlipoona benchi refu ndani ya chumba cha wataalamu. Mama Barafu alikuja na samaki aliowachagua mwenyewe, ndani ya sanduku lake mwenyewe, na alilikalia sanduku mpaka zamu yake ilipofika. Mimi nilikuwa nimeshona makoti ya pamba tupu, mikono mirefu, yanafungwa shingoni. Akavaa la kwake, akasema, "Shemeji, koti hili umemshonea adui?" Ni kweli lilimbana. Nililipanua.

Kiyoyozi kikapunguzwa, madirisha yakafungwa, meza zikafutwa kwa kitambaa cha pamba. Kando ya kazi mke wangu akaweka sahani yenye karatasi nyeupe iliyolowa, haina kitu, iko wazi.

"Hiyo ya nani?" Mama Barafu akauliza.

"Ya hewa."

"Hewa nayo inapakuliwa?"

"Kitakachoangukia humo ni cha chumba, si cha samaki. Tutakipunguza kwenye hesabu ya samaki wako, usionewe tena."

Siku hiyo walifanya kazi tangu asubuhi. Mchana wakapumzika nje, wawili peke yao, na walichozungumza hakuna aliyeniambia. Kisha karatasi ya samaki wa kwanza ikawekwa chini ya darubini, mke wangu akasogea pembeni, akamwachia Mama Barafu kiti.

Mama huyu angeweza kusema lolote. Alikuwa amepoteza mali, ameonewa, na soko zima lilikuwa linamsubiri aseme kwamba yote yalikuwa uongo na samaki ni safi kama walivyoumbwa. Alitazama muda mrefu. Akauliza ile nyeusi ni nini, akaambiwa inafanana na vumbi la tairi. Akauliza ile inayong'aa, akaambiwa huenda ni mfuko. Ule uzi wa kijani hakuuliza, kwa sababu aliujua mwenyewe: ni wa nyavu. Zilikuwa chache kuliko za mara ya kwanza, chache sana, lakini sahani ya hewa haikuwa nazo.

Akainua kichwa akasema, "Zipo."

Basi. Kisha akaenda kulisema neno hilo sokoni kwa mdomo wake, akisimama nyuma ya meza yake mwenyewe, akiwa na samaki wa kuuza. Watu waliliamini kwa sababu aliyelisema ndiye aliyekuwa na hasara ya kulisema.

Mama Barafu, mke wangu alikushukuru akiwa hai, najua. Niruhusu nikushukuru na mimi. Ulimrudishia usingizi. Alikuwa ameanza kukaa kitandani macho wazi akitazama dari, na usiku wa siku ile alilala kabla sijazima taa.

Yaliyofuata mnayajua, wengine mmeyafanya kwa mikono yenu. Plastiki nyingi iliyoonekana ilikuwa tumboni, basi sokoni samaki wanatolewa utumbo palepale mezani, na utumbo hautupwi tena ziwani wala hawapewi bata. Wavuvi wanarudisha nyavu chakavu badala ya kuziacha majini. Madobi wa mtaa wa juu waliweka vichujio kwenye mabomba yao ya maji machafu, na yule dobi mkubwa aliyegoma aliacha kugoma alipoonyeshwa alichokamata mwenzake kwa wiki moja: donge la nyuzi, kama paka aliyelala. Nawashukuru nyote. Sitasema ziwa limepona. Halijapona, na mke wangu angenivuta koti kama ningesema. Lakini leo linatazamwa, na wanaolitazama wanaaminiwa na wanaokula kutoka humo.

Nawashukuru ninyi vijana wa maabara mliokuja kukaa naye hospitali kwa zamu, mkimletea habari za darubini kana kwamba ni umbea wa mtaani. Alikuwa anazisubiri. Aliponiona naingia alikuwa akisema, "Ngoja kwanza, kaa, konokono wa upande wa kusini wamefikia patamu."

Binti yangu ameshanikonyeza, tena mara mbili, kwa hiyo namalizia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, chumba mnachokifungua ni kizuri. Ukuta hauachi vumbi, mlango unajifunga wenyewe, hewa inaingia ikiwa imechujwa. Lakini wanaofanya kazi humo ni watu, na iko siku mmoja wenu, kijana au mtu mzima, ataona kwamba alichokitangaza jana si kweli. Atakuwa peke yake, hakuna mwingine atakayekuwa amekiona, na njia ya kutoka hapa kwenda sokoni itaonekana ndefu.

Nawashukuruni kwa kunivumilia na kwa masikio yenu. Ombi langu ni moja tu, kwa huyo mmoja wa siku hiyo: kabla hujatoka kwenda kusema, mkumbuke mke wangu.