Mke Mwenza wa Udongo

Siku ile baba alipofariki, Jumanne tarehe 9 Januari 2018, chumbani tulikuwepo mama yetu Sumitra, kaka yangu Tapas, Daktari Sanyal, mzee Haradhan aliyemsaidia baba kutia plasta sanamu zake kwa miaka thelathini, na mimi Mallika nimempakata mwanangu, na uani, chini ya matambara, alikuwepo yeye wa udongo.

Marehemu baba yetu, Bibhuti Karmakar, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 hapa Bishnupur, mtoto wa mfua shaba, akasoma shule ya hapa hadi mwaka 1968, kisha chuo cha sanaa Kolkata alikohitimu mwaka 1974, akarudi kufinyanga wanawake wa kwetu, wabeba matofali na wavuna mpunga, warefu kuliko mlango, na baadhi yao leo wamesimama kwa shaba katika bustani za Delhi.

Alifunga ndoa na mama tarehe 2 Machi 1982, wakajaliwa Tapas mwaka 1985 na mimi mwaka 1990, na nisiseme uongo mbele ya picha yake, tuliishi na mke mwenza, sanamu ya udongo iliyokuwa uani wakati wote, maana udongo ambao haujatiwa plasta usipoloweshwa hupasuka, basi baba kabla hajala alikwenda kwanza kumlowesha, na sari za mama ndizo zilizochanwa kumfunika, kwa kuwa pamba iliyochakaa hushika maji.

Mama alikuwa akisema, "Nenda kamnyweshe bi mdogo, wali wangu acha upoe!" naye akijibu, "Mama Tapas, wewe una mdomo wa kuomba maji, yule hana."

Wivu ulinishika hata mimi, nikiwa na miaka saba nilimfunua makusudi juani, uso ukapasuka, na baba hakunigombeza, alinimegea bonge la udongo akaniketisha kando yake.

Tarehe 28 Desemba 2017 baba alipatwa na kiharusi, sauti ikapotea, akawa anatazama uani tu, mama akasema, "Hata leo macho ni kwake? Na akauke!" na kwa siku mbili hakuna aliyethubutu kumgusa yule, ila siku ya tatu mama alichana sari yake ambayo bado ilikuwa nzima, akalowesha vipande viwili, kimoja akamfunika yule, kingine akaja kulowesha midomo ya baba, akimwambia, "Haya, sasa mko wawili msio na mdomo."

Alifariki Jumanne ile saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa mama.

Tunamshukuru Daktari Sanyal aliyekuja kila siku kwa baiskeli bila kuitwa, majirani waliotuletea ndizi na maziwa siku zote za matanga, na wanafunzi wake waliombeba hadi mtoni, alikochomwa kwa desturi yetu.

Pumzika, baba, usiwaze tena habari ya maji.

Jana mzee Haradhan alimtia yule plasta, na aliyemshikia ndoo ni mama.