Bwana Abdulwahid Alwi, Aliyeandika "Kufa Kuna Punguzo"

Asiyeamini nitakayosoma na abishe sasa hivi, kabla kahawa haijapita, maana mimi Raiyan, mpwa wa marehemu, ndiye mtu pekee katika baraza hii aliyebebwa kama maiti hadi makaburini akarudi kwa miguu yake, na shule niliacha darasa la saba, lakini familia nzima, pamoja na wenye digrii zao, imenichagua mimi nisome.

Marehemu alizaliwa Mbwajumali tarehe 9 Machi 1957, akasoma chuo cha Kurani kwa babake, kisha shule ya msingi hapa Amu, na mwaka 1978 akaenda Mombasa kuunda masanduku ya maiti, ambako siku moja aliona sanduku lenye mito miwili ya hariri, akamuuliza tajiri wake mto wa pili ni wa mgeni gani, akafukuzwa kazi. Tarehe 14 Juni 1985 alimuoa Bi Nadra, wakajaaliwa Fairuz na Ammar, waliorithi pua yake, maneno nikarithi mimi.

Mwaka 2016 alitoa riwaya yake, ya tajiri anayefungua kampuni ya mazishi hapa Amu, kwa boti nyeusi, maua na waliaji wa kukodi, akafilisika, kwa kuwa kila akipata maiti majirani humnyang'anya maiti huyo wakamzika bure. Mwaka 2022 Bi Jerioth, mwongozaji filamu, akaja kutoka Nairobi, akaipenda yote isipokuwa mwisho, akasema hakuna atakayeamini watu kukimbilia kumbeba wasiyemjua, afadhali boti nyeusi ishinde, na marehemu akajibu kwamba bila mwisho ule filamu hakuna, wakanuniana.

Tarehe 8 Novemba wakajaribu picha, kamera juu ya paa, maiti mimi, na msinione hivi, nililala vizuri kuliko maiti wengi, waigizaji wanne wakanitoa na jeneza, mara wauza samaki, wapagazi na mwalimu wa madrasa wakaacha kazi zao wakagombea bega, "Tupe nasi, Bwana, thawabu si zako peke yako!", Bi Jerioth nyuma akilia "Kata! Kata!", nao wakimwambia, "Subira, Bi, ni kazi ya Mungu," hadi lango la makaburi, nilipoketi kitako nikauliza nani kafa. Alibaki punda mmoja. Mliokimbia mpo hapa, mnajijua. Marehemu alicheka mpaka akakaa chini, na mwisho wake ukabaki vilevile alivyouandika.

Mwaka jana moyo ulianza kumsumbua, akafariki Jumatano tarehe 12 Februari 2025, tukamzika baada ya Alasiri. Twawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliochimba kaburi bila kuitwa, wenzake wa filamu, na Bi Jerioth, ambaye tangu juzi hajaondoka ubavuni mwa Bi Nadra.

Kipande kimoja nimekiruka. Juzi nilishika jeneza tangu mlangoni, mkanigonga niwaachie, sikuachia, mkasema nina choyo cha thawabu, wala si choyo, nilikuwa nangoja tufike pale langoni nilipoketi mimi, nikapunguza mwendo, nikatega sikio.

Hakuketi.

Pumzika, mjomba, mabega yalizidi uliyoyaandika.