Visanduku Vilivyogoma Kusalimiana

Mvua ya Queenstown, mji wetu wa machimbo ya shaba hapa kisiwani, haina kuisha. Hupumzika kidogo, ikarudi. Asubuhi ile ilikuwa imepumzika, na benchi la mbele ya duka la mikate lilishakaliwa na wenyewe. Merv Dilger, ambaye mji mzima unamwita Shimo kwa kuwa ujana wake wote uliishia chini ya ardhi akichimba shaba, alikuwa anapuliza pai yake ya nyama. Noelene, jina la kijiweni Redio, alikuwa amekalia gazeti ili sketi isilowe. Anauza mitumba kwenye duka la kanisa, na habari ikimpita ujue haijatokea. Katikati yao alikaa Alwyn Tregurtha, fundi simu mstaafu, aitwaye Waya. Kahawa yake ilikuwa imepoa bila kuguswa. Mapajani alipakata kisanduku cha bati, rangi ya samli, kikubwa kama mkate, chenye antena iliyopinda, akakitazama kama mtu anavyomtazama mgonjwa wake.

— Kimekufa tena? aliuliza Shimo.

— Hakijafa. Kimenuna.

— Basi kimerithi tabia za mama mkwe wangu.

Redio alicheka peke yake. Waya hakucheka, na Shimo akaacha kupuliza pai.

— Kwani yule sista mpya, muuguzi, anapita leo?

— Leo.

Jambo lenyewe walilijua wote. Gus Petterd, kaka wa marehemu mke wa Waya, alikuwa anaishi peke yake mwisho wa bonde, kule ambako waya za simu ziling'olewa na simu za mkononi hazijawahi kufika. Vumbi la mgodini lilikuwa limemla mapafu. Akipanda ngazi tatu anakaa chini. Watu wa afya walishasema: apate njia ya uhakika ya kuita msaada, au ahamishiwe nyumba ya wazee kule Burnie. Gus naye alishasema kwamba Burnie wataenda na maiti yake.

— Mimi bado nasema mngemfungia dishi la setilaiti kama watu wengine, alisema Redio.

— Nililifunga, Noelene. Pale kwake anga ni kijia tu. Huku mwamba, huku miti. Linashika, linaachia.

— Si mkate miti!

— Nenda kamwambie wewe. Ukirudi na meno yako yote, nami nitakwenda na msumeno.

Ndipo vilipoingia visanduku. Waya alivipata kwenye banda la mfugaji mmoja aliyekuwa anahama, viwili, vimejaa utando wa buibui. Alitaka kimoja kikae kwa Gus, kingine kwenye nguzo kilimani juu ya mji, vipelekeane sauti na picha. Vilitengenezwa na kampuni ndogo iliyofilisika zamani, na mawimbi yake yalikuwa ya pole pole, yale yanayopenya majani na kujikunja kidogo kwenye kona za vilima. Hakuna kitabu cha maelezo. Hakuna mtu wa kumpigia. Mtandaoni alimpata mzee mmoja tu wa New Zealand aliyewahi kukiona kimoja, naye hakukumbuka kitu. Juu ya hayo, visanduku havikuwa pacha: kimoja kilikuwa cha zamani zaidi, na lugha yake ilikuwa nyingine. Waya akawa anakaa mezani jikoni, amechomeka waya wa kompyuta kwenye tundu la nyuma, anaandika amri moja ya kubahatisha, anangoja, anaandika nyingine. Siku kile cha zamani kilipomjibu kwa mstari mmoja wa herufi zisizosomeka, alisimama akazunguka meza huku akipiga makofi. Mtu aliyewahi kuzungumza na kitu ambacho dunia nzima imekisahau, kikamjibu, ndiye anayeijua raha ile.

Tena kulikuwa na raha ya pili, ambayo hakumwambia mtu. Tangu mkewe Beryl afariki, yeye na Gus walikuwa hawana la kuzungumza. Walikutana, wakatazamana, wakamkumbuka yule asiyekuwepo, wakaagana. Visanduku vikawapa mazungumzo. Kila Jumamosi Waya alikwenda bondeni, wakasimama barazani wakigeuza antena. “Sasa je?” “Bado.” “Na sasa?” “Rudisha kidogo, shemeji, ilikuwa inakuja.” Wakagombana, wakacheka, wakala.

— Mimi nimeshagundua tatizo, alisema Shimo. Ni shaba. Mlima wote ule ni shaba. Mawimbi yako yakifika pale, mlima unayanywa.

— Ungeyanywa siku zote. Mbona Jumapili ile yalishika alasiri nzima?

— Mlima ulikuwa umeshiba.

— Acha fiksi, Merv! Redio aliingilia. Ni panya-miti. Wanapenda joto la hicho kikiwa kule kilimani, wanakilalia. Wana mimba. Panya mwenye mimba ana umeme mwilini.

— Nani kakwambia?

— Kila mtu anajua.

— Hebu niwaambie ukweli sasa, alisema Shimo, akishusha sauti. Mle chini tulichimba mashimo mengi mpaka ramani zikachanganyikiwa. Sauti ya Gus inatoka kwake vizuri, ikifika juu ya mashimo, inadumbukia. Iko mle inazunguka. Siku moja mlinzi wa mgodi atasikia mtu anaomba chumvi, atatoka mbio.

— Na waliofia mle? Redio alidakia. Nao si wana ndugu zao? Wamekaa miaka bila simu. Wameona laini, wameishika wao kwanza. Gus akijaribu, inatumika!

Siku nyingine Waya angewajibu hoja kwa hoja, maana utamu wa benchi ndio huo. Leo alikuwa anapitisha kidole kwenye ile antena iliyopinda.

— Wewe fundi, alisema Shimo taratibu. Wewe mwenyewe unasemaje?

— Sijui.

— Hujui vipi?

— Sijui, Merv. Nimefunga simu za nusu ya kisiwa hiki. Nimebadili waya, umeme, nguzo. Jana asubuhi kilishika nikaona taa ya kijani, nikakimbilia kumwita Gus. Kabla sijamaliza jina lake, taa ikazima. Sikugusa kitu. Na leo nimekishusha nguzoni mwenyewe kwa hasira. Sijui.

Hakuna aliyewahi kumsikia Waya akisema hivyo. Redio akamsogezea kahawa, ingawa ilikuwa baridi.

Gari dogo jeupe likasimama kando ya barabara. Akashuka mwanamke kijana wa Kinepali, koti la mvua likimfika vifundoni, akaingia dukani, akatoka na kahawa ya maziwa, akauliza kama anaweza kukaa. Wakajibana. Alijitambulisha: Sushila Gurung, muuguzi mpya wa wilaya.

— Nimetoka kwa Mzee Gus sasa hivi, alisema. Amenisifia sana mtambo wa shemeji yake. Ndio huu?

— Ndio mwenzake, alisema Waya.

— Unafanya kazi?

— Unafanya! Redio aliwahi. Jumapili ile nilimwona Gus kwa macho yangu hapo kwenye kioo cha simu ya Waya, anaongea.

— Mpaka nyanya zake alituonyesha, alisema Shimo. Tukamwambia hazijaiva, akatutukana. Tukamsikia tusi lote, sista, halikukatika hata kidogo.

— Alasiri nzima, Redio aliongeza.

Sista aliwasikiliza kwa adabu, kikombe mikononi. Hakuwa na dharau wala haraka. Kisha akamgeukia Waya peke yake.

— Na siku ambayo haufanyi kazi, Baba, pumzi ikamwishia kule, mtajuaje?

Shimo akatazama pai. Redio akalinyoosha gazeti alilokalia. Waya angeweza kusema uongo. Uongo mwenyewe ulikuwa tayari, na yule binti alionekana mtu wa kuamini. Alimwona Gus amekaa kwenye ngazi ya tatu, anabonyeza, taa haiwaki, anabonyeza.

Akakilaza kisanduku kifudifudi mapajani. Mvua ikarudi, sista akamalizia kahawa yake akasema samahani, na ilikuwa samahani ya kweli.

Gus alipelekwa Burnie. Hakupiga kelele kama walivyotarajia; alifunga mlango, akampa Waya ufunguo, akaomba nyanya ziangaliwe. Waya alimshusha yeye mwenyewe kwa gari lake.

Baada ya muda simu ya Waya ililia wakiwa benchini. Kule kwa wazee kuna mtandao wenye nguvu kila chumba. Uso wa Gus ulijaa kioo, safi, unaweza kuhesabu vinyweleo vya puani. Nyuma yake ukuta mweupe.

— Unanisikia, shemeji?

— Nakusikia vizuri kabisa.

— Na mimi vizuri.

— Vizuri.

Basi. Gus akatazama pembeni. Waya akakohoa. Shimo na Redio, waliokuwa wameinamia kioo, wakatazama miguu yao. Picha haikutikisika wala sauti haikukwaruza; kilichobaki ni wazee wawili wanatazamana, na Beryl hayupo.

— Haya, shemeji, alisema Gus. Nisikucheleweshe.

— Ngoja, alisema Waya. Hebu rudia. Unakatika.

Redio akainua kichwa kutaka kusema, Shimo akamkanyaga mguu.

— Nakatika? Gus akainuka kwa shida kitandani, na macho yakamchangamka. Hebu nisogee dirishani. Sasa je?

— Bado kidogo.

— Na sasa?

— Rudi kushoto, alisema Waya, akishika simu kwa mikono miwili. Hapo hapo. Ilikuwa inakuja.