Soaz Kerdoncuff na Neno Alilolifasiri Mlangoni

Ndugu waombolezaji, majirani wa Brennilis, nanyi mliotoka Brest katika mvua hii, mimi ni Katell, mdogo wake Soaz, na familia imeniomba niwasomee maisha yake.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 hapa hapa Brennilis, akiwa mtoto wa kwanza wa Job Kerdoncuff, mchimba mawe ya kuezekea, na mama yetu Maï, na kwenye cheti aliandikwa Françoise kwa kuwa karani alilikataa jina letu la Kibretoni, Soaz. Alianza shule mwaka 1955, akafundishwa Kifaransa kwa kuzomewa kama sisi sote, na kwa kuwa mama alijua Kibretoni tu, Soaz akawa ndiye mdomo wa nyumba.

Baba alifariki machimboni mwaka 1957, na mwaka uliofuata mtu wa mahakama alikuja kumtwaa ng'ombe wetu, akitumia kitenzi cha Kifaransa *saisir*, kukamata, ambacho tulikielewa papo hapo, maana tulimwona ng'ombe akiondoka. Tarehe 3 Desemba 1959 alikuja mama mmoja wa ustawi wa jamii, akasimama mlangoni akiwa amelowa, akamtaja jaji wa watoto, kisha akatumia kitenzi kilekile.

"Anasemaje huyu?" mama yetu aliuliza.

"Anasema jaji, mama, na watoto, na kukamata."

"Kumkamata nani?"

"Sisi," akajibu Soaz, naye alikuwa na miaka kumi.

Mahakamani kitenzi hicho kina maana nyingine, yaani kumpelekea jaji jambo ili aliamue, na jambo lenyewe, tulikuja kujua baadaye, lilikuwa ombi la sisi kupewa makaa na maziwa. Mama alimshukuru mgeni kwa adabu, akafunga mlango, na kabla giza halijaingia akatuvusha kinamasi cha Yeun kwenda kwa shangazi, mdogo wetu Hervé, wa miaka minne, akikohoa mgongoni kwake. Hakuthubutu kumwita daktari, akihofia angesema tulipo, na Hervé alifariki kwa homa ya mapafu tarehe 11 mwezi huo huo.

Mwaka 1968 Soaz alikwenda Rennes kusoma sheria, na siku moja mwalimu alieleza darasani kwamba jaji hajitwalii kesi, ni lazima apelekewe, akalitamka neno lile, na Soaz akainuka, akatoka, akapanda treni kuja nyumbani. Mama alikuwa akimenya viazi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nisaidie hivi vilivyobaki," na hawakulizungumza tena hadi mama alipofariki mwaka 1994.

Alikuwa wakili mjini Brest tangu 1974 hadi 2012, na hakumruhusu mteja aondoke bila kumwambia, "Haya, nirudishie nilichosema, kwa maneno yako," hata wenzake wakambandika jina la Mama Kamusi. Mwaka 1988, mbele ya mahakama, msichana wa miaka tisa alikuwa akimfasiria mama yake aliyetoka Uturuki, na Soaz, ambaye kesi hiyo haikumhusu, akasimama.

"Mheshimiwa, mtoto huyu atoke, akanunuliwe mkate, aletwe mtu mzima."

"Wakili, unatuchelewesha."

"Ndiyo, Mheshimiwa. Nawachelewesha."

Aliolewa tarehe 17 Julai 1976 na Alan Guivarch, mwokaji mikate, ambaye aliwaambia wageni harusini, "Nimeoa mwanamke nikimwambia habari za asubuhi ananiuliza nina maana gani," watu wote wakacheka, isipokuwa bibi harusi. Walijaliwa watoto wawili, Nolwenn na Ronan, na wajukuu watatu.

Juni mwaka jana aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akauguzwa Brest, kisha akaomba arudishwe nyumbani, ambako alifariki tarehe 9 Februari 2019, saa nne asubuhi, Alan akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, mawakili wenzake, na majirani waliotuletea supu na kuni bila kuombwa.

Dada, miaka yote hii tulikuambia kwamba hukuwa na kosa, nawe kila mara ulitukatiza ukauliza kama kahawa iko tayari. Leo tunakuambia tena, na safari hii utatusikiliza hadi mwisho, hukuwa na kosa, Soaz. Pumzika kwa amani, mtoto wa mama.